Namna ya kununua tarumbeta la bei poa bila kupigwa, kwa sisi tulioacha miaka mingi

Wakuu, hii naiandika kwa wenzangu na mimi, yani wale waliopuliza tarumbeta enzi za ujana kanisani au shuleni au kwenye bendi ya JKT alafu maisha yakaingia kati, kazi, ndoa, ada za watoto, tarumbeta lilikua la kanisa ukalirudisha, na saivi una miaka arobaini na kitu, uko kwenye foleni ya magari pale Magomeni, Dar, unasikia msafara wa harusi unapita, matarumbeta juu ya pikapu, na vidole vinaanza kucheza vyenyewe kwenye usukani. Ukifika hapo ujue umeshapatikana. Kinachofuata ni hela tu.

Mimi niliacha 1999 nikarudi 2021, miaka 22 kamili, na tarumbeta la kwanza nililonunua baada ya kurudi nilipigwa, tena nilipigwa vizuri.

Ilikua duka moja mjini, silitaji. Tarumbeta jipya, linang'aa mpaka unajiona ndevu, boksi gumu lenye velveti ndani, glavu nyeupe, kitambaa cha kufutia, sh 380,000. Muuzaji akaniambia mzee jaribu, nikajaribu, ikatoka sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Nikacheka, nikamwambia tatizo ni mimi, mdomo umelala miaka mingi, nikalipa nikaondoka na bodaboda nimelikumbatia kama mtoto. Kumbe na lenyewe lilikua bovu. Mwezi wa tatu valvu ya kwanza, yani vile vitufe vitatu vya kubonyeza, ikaanza kugoma kurudi juu, napaka oili inakaa siku mbili inagoma tena. Mwezi wa tano, Jumapili, katikati ya pambio, ile pete ya kidole kwenye slaidi ya tatu, slaidi ni yale mabomba ya kuvuta ndani nje, lehemu ikaachia, nikabaki nimevaa pete kidoleni kama bwana harusi na tarumbeta liko mkono mwingine.

Sasa kosa langu halikua kununua la bei rahisi, maana wote hapa tunatafuta la bei rahisi. Kosa ni kwamba nilikua nahukumu tarumbeta kwa mdomo ambao haufanyi kazi. Mtu anayepuliza kila wiki akilishika tarumbeta bovu anajua ndani ya dakika moja, kwasababu anajua sauti yake inavyotakiwa kuwa. Wewe uliyeacha miaka kumi ishirini huna hicho kipimo, kila kitu kibaya utajilaumu mwenyewe, na muuzaji anajua hilo hata kama hajui kitu kingine chochote. Kwaiyo karibu vipimo vyote ntakavyokupa hapa ni vya mikono, macho na masikio, havihitaji mdomo. Vile vichache vinavyohitaji mdomo utaenda na mtu mwenye mdomo wake.

Kabla ya kununua, azima. Najua inaonekana kama ushauri wa kukupotezea muda ila nenda kanisani kwenu au kwa jamaa wa bendi za harusi, omba tarumbeta lolote hata limebonyea, kaa nalo wiki nne mpaka sita. Kuna mambo mawili utayajua hapo. La kwanza kama kweli unarudi au ilikua hamu ya foleni tu, maana wengi wanaishia wiki ya pili midomo ikishavimba. La pili, ukimaliza hizo wiki mdomo utakua umeamka kidogo na utaweza hata kutofautisha tarumbeta na tarumbeta. Mimi sikufanya hivi, nilikua na haraka kama mtu anayekwenda kutoa mahari.

Haya, kununua sasa. Kwa hela ya kawaida una njia mbili, jipya la bei ya chini lisilo na jina au used lenye jina. Majina kama Yamaha, yakiwa mapya, hata yale ya wanafunzi, yanavuka milioni mbili bila wasiwasi, kwaiyo kwa wengi wetu hiyo weka pembeni. Mimi nakwambia wazi chukua used lenye jina, hata kama halina rangi, hata kama limebonyea mbele, kuliko jipya linalong'aa ambalo hakuna anayejua limetengenezwa na nani. Sisemi kila kilichotoka China ni kibovu, Jupiter wanatoka Taiwan na wako vizuri, na kuna Lark za China zimepuliza harusi za mji huu miaka na miaka, ila kwenye haya yasiyo na jina unacheza bahati nasibu, moja zima moja bovu toka kiwandani, na wewe huna mdomo wa kujua umeshika lipi.

Majina ya kuweka kichwani ukikutana nayo kwenye vibanda vya vitu used au mtu anauza: Yamaha za wanafunzi, namba YTR-2335, YTR-2330, YTR-1335. Bach TR300, hii ndo Bach ya wanafunzi, usichanganye na Bach Stradivarius ambayo ni ya wenye kazi yao, na mtu akikuuzia Stradivarius kwa laki nne jiulize mara mbili kwanza imetoka wapi alafu kama ni Bach kweli. Holton, King, Getzen za Marekani. Olds Ambassador ukikutana nayo nipigie hata usiku, kampuni yenyewe ilifungwa 1979 lakini yale matarumbeta ya wanafunzi waliyatengeneza kama matrekta, yanapuliza mpaka leo. Alafu kuna ya zamani ya nchi za kijamaa, Weltklang ya Ujerumani Mashariki na Amati ya Kraslice, Czechoslovakia ya wakati ule. Nililojifunzia mimi kanisani lilikua Weltklang. Ni chuma cha kazi, ila slaidi zake zikishaganda zimeganda, na vipuri sahau.

Namba ya usajili wa tarumbeta kwa kawaida iko kwenye silinda ya valvu ya kati. Angalia ipo, imechongwa vizuri, haijasuguliwa. Jina nalo limechongwa kwenye ule mdomo mpana wa mbele, kama limebandikwa stika au limechapwa kama tisheti, achana nalo.

Sasa vipimo. Wengi mnajua injini ya pikipiki, sivyo? Tarumbeta ni hivyo hivyo, ina pistoni tatu ndani ya silinda tatu, na kama silinda imelika kompresheni imekufa na huna la kufanya, sio kitu cha kufunga gasketi. Kila kitu kingine kwenye tarumbeta kinatengenezeka kwa bei ya maana lakini valvu zikifa ndo tarumbeta limekufa, kuzirudisha inabidi zipigwe nikeli upya na kusagwa ziingie sawasawa kwenye silinda, kazi ambayo gharama yake inazidi tarumbeta lenyewe. Kwaiyo kama una nguvu ya kukagua kitu kimoja tu, kagua valvu.

Kompresheni unaipima hivi. Slaidi ya kwanza, ile iliyo karibu na uso wako, usibonyeze valvu yoyote, ivute itoke nje kidogo taratibu. Ukiivuta utasikia inakuvutia kurudi ndani, kama bomba la sindano ukiziba tundu. Ishikilie hapo sekunde tatu nne alafu bonyeza valvu ya kwanza. Ukisikia "po!" kama kizibo cha chupa, hiyo valvu inabana hewa vizuri. Ukibonyeza ikawa kimya, hewa imeshapita pembeni ya pistoni, valvu imelika. Fanya hivyo na slaidi ya tatu na valvu ya tatu, alafu ya pili, ile fupi, hiyo itoe kabisa bila kubonyeza, inatakiwa itoke na "po" yake. Kitu kimoja, kama slaidi yenyewe ni kavu inaweza kuvujisha hewa ukadhani ni valvu, kwaiyo nenda na Vaseline kidogo mfukoni, paka kwenye slaidi, na matone mawili ya oili kwenye valvu, ndo upime. Muuzaji akikukatalia kupaka oili tarumbeta anayotaka kukuuzia, tayari umepata jibu.

Ukishapima hewa, bonyeza valvu moja moja haraka haraka mara ishirini, alafu uibonyeze kwa pembeni makusudi, sio katikati ya kitufe, maana vidole vilivyoacha miaka mingi havibonyezi wima, vinalala, vimenenepa, tukubaliane. Valvu nzima inarudi juu yenyewe hata ukiionea hivyo. Inayogoma ya pili peke yake, angalia ile slaidi fupi ya pili inayochomoza pembeni, mara nyingi tarumbeta limeanguka kwa upande huo, slaidi imesukumwa ndani ikabonyeza silinda kidogo, jicho halioni ila pistoni inaona. Hiyo inatengenezeka ukipata fundi anayejua vyombo, usipompata ndo basi.

Slaidi zote nne zitoke. Ile kubwa ya kutunia, yani ya kulinganisha sauti na wenzako, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Muuzaji akisema "hii haitoki ila haina shida" shida ipo, tena utaikuta siku unataka kutuni na wenzako. Nyingine zinatoka kwa kulowekwa, ila usivute kwa koleo dukani, utang'oa bomba na utalipa. Ya tatu angalia ina pete na inateleza kwa kidole kimoja tu. Wengine hawajui pete ile ni ya nini: ukibonyeza valvu ya kwanza na ya tatu pamoja noti inatoka imepanda juu kuliko inavyotakiwa, kwaiyo unaisukuma slaidi nje kidogo kuishusha. Zile noti za chini kabisa zinazotumia vidole hivyo bila pete ile utakua unaharibu kwaya nzima.

Macho sasa. Bomba la kupulizia, lile linaloanzia pale unapochomeka mauthipisi, kile kikombe cha kuwekea midomo, liangalie kwenye mwanga. Tarumbeta ni shaba iliyochanganywa na zinki, na mate ya miaka mingi yanakula zinki kutoka ndani, ukiona madoa ya pinki pinki yenye kidoa cheusi katikati, bomba linaoza kutoka ndani na siku moja litatoboka. Doa moja mbili sio msiba, ni hoja ya kushusha bei. Yakiwa mengi kama surua, weka chini. Usichanganye na rangi ya juu iliyobanduka, hiyo ni vanishi tu, haina madhara kabisa kwa sauti, mimi la kwangu halina hata robo ya vanishi na hapa mjini na hewa yetu ya chumvi hata lingekuwa nayo lisingekaa nayo.

Kubonyea je? Inategemea wapi. Mdomo mpana wa mbele ukibonyea ni sura tu, kama gari lililogongwa bampa. Bomba la kupulizia likibonyea hapo hapana, ndo njia ya hewa nyembamba kabisa, na kwenye mikunjo ya slaidi ya kutunia nako ningefikiria. Angalia pia vile viunganishi vidogo vya shaba vinavyoshikanisha bomba na bomba, ushike mkononi ulitikise, likilia kama funguo mfukoni kuna lehemu imeachia. Kile kikoki cha tundu la kumwagia mate nacho, weka kidole chenye mate juu yake, mtu apulize hewa tu taratibu, ukisikia ubaridi unavuja koki imekwisha. Hiyo ni ya kutengeneza nyumbani kwa kipande cha kizibo, isikutishe, ila jifanye inakutisha mbele ya muuzaji.

Vipimo vya mdomo sasa, vya yule mwenzako uliyemleta. Kama humjui mtu, vijana wa matarumbeta ya harusi wako mjini kote, mpe nauli na soda anakuja, na atafurahia. Weka programu ya kutuni kwenye simu, noti A iwe hezi 440, apulize noti iliyo wazi bila kubonyeza, ile ya katikati, simu iandike B flati. Slaidi ya kutunia ikiwa imetoka kama sentimita moja hivi noti ikae sawa. Kama imesukumwa mpaka mwisho na bado iko chini, hamna pa kwenda, liache. Na usisahau Dar joto, hewa ya moto inapandisha noti, tarumbeta lililokua sawa saa mbili asubuhi saa nane mchana limepanda, ndo maana unataka slaidi yenye nafasi ya kuvuta zaidi, ukiwa juu ya pikapu Januari utanikumbuka. Alafu apande ngazi ya noti zilizo wazi, do ya chini, so, do, mi, so ya juu. Zote zitoke bila kupigana. Ile mi ya juu huwa iko chini kidogo, hiyo ni tabia ya chombo chenyewe, ya wote, mpigaji anairekebisha kwa mdomo. Ila ikiwa mbali kabisa mwenzako atakunja uso, na uso wake ndo kipimo chako.

Sasa niwape stori ya nilivyopata la sasa, kwasababu ina somo la kiufundi ndani yake. Baada ya lile la pete nilikaa mwaka mzima natafuta, Jumamosi moja niko Ilala kwenye kibanda cha vitu used, natafuta feni, naona boksi jeusi chini ya meza limekaliwa na pasi mbili. Nafungua, Yamaha YTR-2335. Nauliza bei, jamaa anasema hili limekufa mzee, hata likipulizwa halitoi kitu, nilikua nataka niuze kama pambo la ukutani. Napuliza, kweli, hewa haipiti kabisa, kama umeziba bomba kwa kidole. Moyo ukaanza kwenda mbio. Kwasababu tarumbeta ambalo hewa HAIPITI KABISA mara nyingi halijafa, kuna mtu alitoa valvu kusafisha akazirudisha vibaya. Kila pistoni ina matundu yake na ina namba, 1, 2, 3, na inaingia kwenye silinda yake tu na kwa upande wake tu. Ukiiweka ya kwanza kwenye ya tatu, au ukaigeuza, matundu hayakutani na mabomba na njia imefungwa. Nikafungua kifuniko cha valvu ya kwanza, nikaitoa, namba 3 inaniangalia. Nikairudisha kimya kimya. Nikalipa sh 150,000.

Nilifika hatua kumi nikarudi. Roho ikanisuta, nikamwonyesha jamaa namba, nikabadilisha pale pale mbele yake, nikazungusha kila moja taratibu mpaka ikasikika "tik" ikikaa kwenye kijinjia chake, nikapuliza. Wauza viatu wote wakageuka. Jamaa alishika kichwa. Nikamwongezea elfu hamsini na feni nikanunua kwake. Mke wangu mpaka leo anasema nilitakiwa nitembee tu, kaka yangu anasema nilitakiwa niongeze laki, sijui, amueni wenyewe.

Kwaiyo ukikutana na tarumbeta "bubu", toa valvu uangalie namba kabla hujalikataa.

Kama ukipata koneti badala ya tarumbeta, ile fupi iliyonenepa, usiidharau, vidole ni vile vile, noti ni zile zile, na watu wa Jeshi la Wokovu dunia nzima wanapuliza hizo. Sauti yake ni laini kidogo, na kwa mtu anayerudi ni rahisi kushika maana iko karibu na mwili. Kumbuka tu mauthipisi yake ina mkia mwembamba, ya tarumbeta haiingii. Zile tarumbeta za Kijerumani zenye valvu za kuzunguka badala ya pistoni, zipo kwenye makanisa yenye urafiki na dayosisi za kule, ni nzuri ila kipimo cha "po" ni kile kile na fundi wake ni mgumu zaidi kupatikana, mimi nisingeanza nayo. Za plastiki za rangi, mpe mtoto.

Mauthipisi. Hapa watu wanatupa hela. Unakumbuka ulikua unapuliza kubwa enzi zile ukiwa na mdomo wa chuma, ukirudi unatafuta ile ile, midomo inachoka ndani ya dakika tano unadhani umezeeka. Anza na 7C ya Bach au inayofanana nayo, kikombe chake ni kama milimita 16.2 ndani, au ile 11B4 inayokuja na Yamaha, zinakaribiana. Baada ya miezi sita ukitaka 5C au 3C sawa. Usichanganyikiwe na namba, kwa Bach namba ikipungua kikombe kinaongezeka, kwa Yamaha ni kinyume chake. Kama meno yamebadilika toka ulipoacha, umeng'oa la mbele au umeweka la bandia, jipe muda zaidi, mdomo unajifunza mahali papya pa kukaa, hakuna mauthipisi itakayokufanyia hiyo kazi. Used ni sawa kabisa, ichemshe, na kagua ukingo wake kwa kidole, ukiwa na kakwaruzo kokote utakasikia kwenye mdomo kama mfupa wa samaki.

Ikiganda kwenye tarumbeta usipige nyundo wala usizungushe kwa koleo, utavunja bomba la kupulizia ambalo ndo roho ya chombo. Barafu kidogo kwenye mkia wa mauthipisi, maji ya vuguvugu kwa nje kwenye bomba, alafu gongagonga kwa kijiko cha mbao ukizunguka. Mara nyingi inatoka.

Bajeti yako igawe, usimalize yote kwenye chombo. Kama una laki nne, nunua la laki tatu, inayobaki ni oili ya valvu, grisi, brashi ndefu ya kusafishia, na fundi. Oili ya valvu nunua ya valvu. Wazee wetu walitumia mafuta ya taa na ukweli yanateleza, ila yanakauka haraka na unanuka jiko. Mafuta ya cherehani ni mazito, valvu itakua inarudi kama lifti ya jengo bovu. Mafuta ya kula usithubutu, yataganda utalia. Vaseline kwenye slaidi inafaa mpaka upate grisi yenyewe.

Kuhusu fundi, viunganishi vilivyoachia mpelekee fundi rejeta pale Gerezani, sitanii, hawa watu wanalehemu shaba kila siku na mkono wao ni mwepesi kuliko wa fundi wa kuchomelea mageti. Mwambie lehemu ya risasi tu, moto kidogo, kitambaa kibichi kuzunguka sehemu nyingine. Ila asiguse valvu. Msasa kwenye valvu ni dhambi, nimeona mtu akisugua pistoni kwa msasa "iteleze", ikateleza kweli, na kompresheni ikaondoka nayo. Kazi za valvu na za kunyoosha palipobonyea, ulizia wapigaji wa bendi za polisi au jeshi, wao wanajua nani anashika vyombo vyao.

Ukishalileta nyumbani lioshe. Toa valvu kwanza, kumbuka namba, slaidi zote nje, beseni, maji ya vuguvugu sio ya moto, sabuni ya kuoshea vyombo kidogo. Kitakachotoka ndani usimwonyeshe mtu. La kwangu lilitoa kipande cha kitambaa cha kijani ambacho nadhani kiliingia kabla mwanangu wa kwanza hajazaliwa.

Jambo dogo kuhusu noti kabla sijasahau, maana lilinitesa. Kama ulifundishwa kwa do re mi huna shida, do ni do. Lakini kuna walioanza kwa vitabu vya matarumbeta vya kanisa vya Kijerumani, kule mpigaji wa tarumbeta la B flati anasoma noti kama inavyosikika kwenye piano, yani iliyo wazi anaiita B flati, wakati bendi za jeshi na vitabu vya Kiingereza vinaiita C. Ukinunua kitabu cha mazoezi ukaona kila kitu kimehama hatua moja, kitabu ni kizima na wewe ni mzima, ni shule mbili tofauti.

Mazoezi ya mwanzo dakika 15 kwa siku inatosha, puliza dakika moja pumzika dakika moja, noti ndefu za katikati, usipande juu kutafuta ile solo ya bendi ya Sikinde unayoikumbuka, mdomo ukianza kutetemeka weka chini. Ukilibana tarumbeta kwenye meno ili noti itoke, umeshachoka, hiyo ndo alama yenyewe. Na kama una presha au uliwahi kufanyiwa operesheni ya ngiri, ongea na daktari kwanza, kupuliza kunasukuma tumbo kuliko unavyofikiria.

Kwa wanaoishi nyumba za kupanga uswahilini kama mimi, fungua kabati la nguo, elekeza mdomo wa tarumbeta katikati ya makoti na mashuka upulize humo, sauti inamezwa kwa kiasi. Soksi ndani ya tarumbeta inasaidia kidogo ila inabadilisha noti. Nikitaka kupuliza wazi naenda Coco Beach saa kumi na mbili na nusu asubuhi, naelekea baharini. Mama mwenye nyumba wangu tulikubaliana saa kumi jioni mpaka saa kumi na moja, sio wakati wa adhana, na akiwa na wageni ananitumia mtoto, nafunga boksi.